Hata Mana Ilikuwa na Saa ya Kufunga

Somo: Kutoka 16:13–30, Methali 31, Matendo 16:13–15

Jumapili iliyopita nilianza kwa swali na watu wakacheka. Niliuliza: kati ya kina mama wote walioketi hapa, ni nani jana aliketi chini, mchana, bila kitu mkononi? Bila kuchambua mbaazi, bila kushona makuti, bila kunyonyesha, bila kujibu simu ya mteja. Mikono miwili ilinyanyuka, na mmoja wao alikuwa ametoka hospitalini juzi. Ndipo kicheko kikaisha. Kwa ajili ya wale waliokuwa watoto wadogo nje na hawakusikia yote, na wale waliokuwa sokoni, naandika hapa ujumbe ule.

Tufungue Kutoka 16. Israeli wametoka Misri, wana mwezi mmoja na kitu jangwani, chakula kimeisha. Wananung'unika. Mungu anawapa mana. Sote tunaijua hadithi hii tangu shule ya Jumapili. Lakini isome tena kama mfanyabiashara, utaona mambo. Kwanza, mana ilikuwa na saa zake. Iliokotwa asubuhi, na jua likipanda inayeyuka. Pili, ilikuwa na kipimo, pishi moja kwa kila kichwa kwa idadi ya watu wa hema. Tatu, aliyejaribu kuweka akiba ya kesho kwa hofu, asubuhi aliikuta ina funza na inanuka. Na nne, siku ya sita ilipatikana maradufu, siku ya saba haikuanguka kabisa. Mstari wa 27 unasema wapo waliotoka hata hivyo siku ya saba wakaokote. Hawakupata kitu. Walizunguka jangwani na vikapu vitupu, wakarudi wamechoka.

Sasa angalia jambo moja ambalo wahubiri wengi hulipita. Amri Kumi ziko sura ya 20. Hii ni sura ya 16. Kabla ya Sinai, kabla ya mbao za mawe, kabla hata Musa hajaambiwa usiue wala usiibe, Mungu alikuwa ameshaanza kuwafundisha watu hawa kupumzika. Kwa nini aanze na hilo? Kwa sababu walikuwa watumwa. Rudi Kutoka 5. Farao aliwaondolea majani ya kutengenezea matofali, akasema waende wakayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali ibaki ile ile. Walipolia akawaita wavivu. Mtu aliyekulia chini ya hesabu ile hajui kuacha kazi. Hata ukimtoa Misri, Misri inabaki mikononi mwake. Akikaa chini anajiona mvivu.

Mama, je, sauti hiyo huijui? Ile inayokuambia saa tano usiku, mgongo unauma, kwamba hujafanya kitu leo?

Wengine wananiambia, "Pasta, wewe ulisoma biashara chuo, hebu tupe hesabu, maneno ya mapumziko ni ya watu wa ofisini." Sawa. Tupige hesabu.

Tuchukue mama wa mahamri hapa kwetu Adu. Anakanda unga usiku, saa nzima. Anaamka saa kumi alfajiri kukata na kukaanga. Mpaka saa tatu asubuhi anauza. Hizo ni saa sita za kazi. Tuseme amekaanga mahamri mia moja, anauza shilingi kumi kila moja. Unga, sukari, nazi, hamira, mafuta na kuni vimekula shilingi 550. Faida ya mia yote ni 450, yaani kila hamri linamwachia shilingi nne na nusu. Kufikia saa tatu ameuza tisini. Hapo amepata 405 kwa saa sita, kama shilingi 67 kwa saa. Yamebaki kumi. Watoto wa shule wameshapita, watu wa boda wameshakula, wa kwenda Malindi wameshapanda gari. Yeye anakaa. Saa nne, saa tano, saa sita. Hatimaye kumi yameisha. Faida ya yale kumi ni shilingi 45 kwa saa tatu. Shilingi 15 kwa saa, dadangu. Kwa shilingi 15 umekaa juani, mtoto mchanga mgongoni, maji hayajatekwa, na yule wa darasa la sita hakwenda shule kwa sababu yuko nyumbani anamwangalia mdogo wake.

Mana imeshayeyuka na wewe bado umeshika kikapu.

Kaanga tisini. Hivyo tu. Hujapoteza wateja, umepoteza shilingi 45 na umepata saa tatu. Biashara nyingi ndogo ziko hivyo: faida inakuja saa chache, zinazobaki ni kukaa tu kwa hofu kwamba ukiondoka ndipo mteja atakuja. Simaanishi kila mtu afunge saa tatu. Mwenye duka la unga na mafuta ya taa, saa zake ni jioni watu wakitoka shamba. Anayeuza mitumba ana siku za soko. Anayeshona makuti hana saa, ana hesabu ya vipande, na huyo anahitaji mazungumzo mengine, maana anayepanga bei ni mnunuzi wa hoteli za ufukweni na si yeye. Ninachosema ni kwamba ujue mana yako inaanguka saa ngapi. Andika kwenye daftari kwa wiki mbili: saa hii niliuza kiasi gani. Utashangaa.

Na siku ya sita? Mungu hakuwaambia lala njaa siku ya saba. Aliwaambia okoteni maradufu Ijumaa yao. Mapumziko ya Biblia yana maandalizi ndani yake. Mama anayetaka Jumapili yake iwe tulivu anaanza kuifanya Alhamisi: kuni ziko, maji yako, sare zimefuliwa. Nasikia mtu ananung'unika kule nyuma kwamba hizo pia ni kazi. Ni kweli. Nakuja hapo, kwa sababu swali la nani anafanya hizo kazi ndilo swali lenyewe.

Methali 31. Kina mama, najua mnavyoisikia sura hii. Kila Siku ya Akina Mama inasomwa, na kila ikisomwa mnainamisha kichwa. Mke mwema anaamka usiku, ananunua shamba, anapanda mizabibu, anafuma, anauza, taa yake haizimiki. Mnajipima hapo na kujikuta mmepungukiwa. Naomba tuisome vizuri leo.

Jambo la kwanza. Kuanzia mstari wa 10 hadi 31 ni mistari 22, na katika Kiebrania kila mstari unaanza na herufi yake, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa sababu alfabeti yao ina herufi 22. Ni sifa za mwanamke kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Si ratiba ya siku moja. Ni maisha mazima ya mtu yamewekwa pamoja, kama watu wanavyomsifu marehemu mazishini: alilima, alijenga, alisomesha. Hakuna anayedhani alifanya yote Jumanne.

La pili, liko mstari wa 15. Mwanamke huyu ana wajakazi. Anawagawia kazi. Haikuwa mikono miwili. Tumemsifu kwa karne nyingi na kuwasahau waliokuwa jikoni naye. Sasa wewe huna mjakazi hata mmoja, una bomba la maji lililokauka na kibanda cha makuti, na unataka kufikia kipimo chake. Kipimo gani hicho?

La tatu ndilo lililonikamata mimi. Soma mstari wa kwanza kabisa. Maneno haya ni ya mfalme Lemueli, aliyofundishwa na mama yake. Yaani ni mama anamfundisha mwanawe wa kiume! Sura hii haikuanza kwa wanawake. Ilianza kwa mwanamume. Na kabla hajafika kwa mke mwema, mama yule alimwonya mwanawe mambo mawili: nguvu zake asizimalize kwa wanawake, na asiwe mtu wa pombe, asije akasahau haki za maskini. Ndipo akamwambia thamani ya mke. Na mstari wa mwisho ni amri, inaambiwa wengine, si mke: mpeni mapato ya mikono yake.

Mpeni. Ndugu zangu wanaume, hapo tumesimama wapi?

Wa kwetu wanaume hatuendi mangweni, Mungu asifiwe, tumeokoka. Lakini chini ya mwarobaini tupo. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka chakula cha mchana, tunajadili siasa za Magarini na bei ya mbuzi. Mke ametoka alfajiri na karai, akirudi anashika mtungi wa lita 20, akitoka kisimani anashika mwiko. Halafu jioni tunamuuliza umeuza ngapi. Na wengine, nitasema tu, wakishasikia biashara ya mama imeshika, wanaacha kutoa pesa ya unga. Biashara yake inakuwa likizo yetu. Kutoka 16:16 inasema kila mtu aliokota kwa hesabu ya waliomo hemani mwake. Hema ni la nani? Kama una mke, watoto wanne na mama yako mzazi mle ndani, hizo ni pishi saba, na hakuna mahali pameandikwa kwamba pishi saba zibebwe na mtu mmoja.

Kuna mume mmoja katika kanisa hili, sitamtaja maana atanikasirikia, alinunua punda. Maji sasa analeta yeye asubuhi, kabla ya kwenda shamba. Wenzake walimcheka kidogo, kwamba amepewa dawa. Mkewe amepata muda wa kumfundisha binti kusoma. Nyumba ile ukiingia unaisikia tofauti.

Na hapo niseme la binti, kwa sababu mzigo wa mama usipogawanywa na baba, haupotei, unateremka. Unamwangukia msichana. Amri ya nne inataja kwa majina: usifanye kazi wewe, wala mwanao, wala binti yako, wala mtumwa, wala mjakazi, wala mnyama, wala mgeni. Binti ametajwa. Punda pia amepata sehemu yake. Kama mapumziko ya mama yanapatikana kwa kumchosha binti wa miaka 12, hayo si mapumziko ya Bwana.

Sasa mikopo, kwa ufupi, maana hili nitalifundisha siku yake. Wengi hamfanyi kazi siku saba kwa kupenda. Jumatatu kuna marejesho, kwa hiyo Jumapili mtauza. Deni ndilo linalohesabu matofali. Basi kopa ukijua. Mkopo wa simu wa kutoza asilimia 7.5 kwa siku 30 unaonekana mdogo. Shilingi 10,000 unarudisha 10,750. Lakini ukiukopa tena na tena mwaka mzima, umelipa 9,000 juu ya pesa ile ile 10,000. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, ilianza na asilimia 8 kwa mwaka, marejesho ndani ya siku 14. Kwa 10,000 hizo ni kama shilingi 31 tu za riba, ila siku 14 ni chache kwa mtu anayenunua bidhaa ya msimu. Women Enterprise Fund, ambayo ipo tangu 2007, inakopesha vikundi vya wanawake, na kikundi kinaweza kumbeba mmoja wiki anayougua. Na chama chenu cha mzunguko, kile mnachokidharau, hakitozi kitu. Zamu yako ikifika, usinunue vyombo vyote. Weka ya wiki moja pembeni. Hiyo ndiyo siku yako ya sita.

Wapendwa, nimesema ya Farao, nimesema ya wanaume. Lipo jingine, na hili linatuhusu sisi watumishi.

Hesabuni ratiba ya kanisa. Jumatatu maombi ya kina mama. Jumatano mafundisho. Alhamisi kwaya. Ijumaa kesha hadi alfajiri. Jumamosi usafi wa kanisa, na wanaofagia ni kina nani? Jumapili ibada hadi saa nane, na anayepikia wageni haisikii hata hiyo ibada. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga, Ijumaa usiku tumekesha naye. Jumamosi anaanguka juu ya moto. Kisha tunamhubiria kwamba amepoa kiroho.

Na sisi wa Adu hatuwezi kuongea mambo haya kama watu wa mahali pengine. Shakahola si mbali na sisi. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, na wengi wao ni wanawake na watoto wadogo. Waliambiwa waache kazi, waache shule, waache hospitali, waache kula, na kwamba huko ndiko kumtafuta Mungu. Silinganishi kesha letu na jambo lile, Mungu apishe mbali. Lakini tangu siku zile, jirani akimwona mama anaacha watoto usiku kwenda kanisani, anatuangalia kwa jicho jingine, na ana haki ya kutuangalia. Mchungaji yeyote anayedai mwili wa mama, na usingizi wake, na chakula chake, na mapato yake, na watoto wake, lazima aulizwe amepata wapi ruhusa hiyo. Nami niulizwe.

Kanisa la kwanza lilipopata tatizo lake la kwanza la uendeshaji, Matendo 6, lilikuwa tatizo la chakula cha wajane. Hawakuambiwa wafunge na kuomba zaidi. Mitume waliwaambia waumini wachague wanaume saba wakasimamie meza. Wanaume saba, wenye sifa njema na waliojaa Roho, kazi yao ni kuhakikisha wajane wamekula. Mjane wa hapa kwetu, au yule aliyeachwa na mume aliyekwenda Mombasa na hakurudi, yeye hana wa kugawana naye pishi. Kwake huyu hotuba ya kupanga muda ni matusi kama hatumpi mikono. Hapo ndipo mashemasi wanapoingia.

Kuna mwanamke mmoja wa biashara katika Agano Jipya ambaye nampenda sana. Lidia, wa Thiatira, muuza nguo za zambarau, pale Filipi. Zambarau ilikuwa bidhaa ghali, ya watu wakubwa. Huyu hakuwa mama wa kibanda, alikuwa na mtaji na nyumba ya kulaza wageni. Paulo alimkuta wapi? Hakumkuta dukani. Alimkuta kando ya mto, siku ya Sabato, amekutana na wanawake wengine mahali pa kusali. Filipi ilikuwa koloni la Kirumi, siku hiyo maduka mengine yalikuwa wazi, wateja wake walikuwa mjini wakinunua kwa mwingine. Yeye alikuwa mtoni. Na hapo Bwana akamfungua moyo, akabatizwa yeye na nyumba yake, na kanisa la kwanza la Filipi likapata mahali pa kukutania nyumbani kwake. Biashara yake haikufa. Ndiyo iliyowapokea mitume. Lakini angekuwa nyuma ya meza yake siku ile, Paulo angepita tu njiani.

Najua yuko mama anasoma hapa na kusema, pasta, mto wangu ni wa kuteka maji, sina mto wa kukaa. Nimekusikia. Basi anza na saa moja. Saa moja kwa wiki, ijulikane nyumbani, watoto waijue, mume aiheshimu, mimi mchungaji nisikupigie simu kukuuliza habari ya viti vya harusi. Usiifanyie kitu. Usiifanye hata ya kufunga na kuomba kwa bidii. Kaa. Eliya alipochoka hata akaomba kufa, 1 Wafalme 19, malaika hakuja na unabii. Alikuja na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo ya Horebu yalikuja siku arobaini baadaye.

Kwa wazee wa kanisa nimepeleka hoja mbili, na nawaomba mziombee. Kesha liwe mara moja kwa mwezi, Ijumaa ya mwisho, na atakayekuwa na biashara ya alfajiri asionekane mwasi akibaki nyumbani. Na usafi wa Jumamosi uwe wa zamu: wiki moja kina mama, wiki moja wanaume, wiki moja vijana. Mafagio yapo ya kutosha, nimeyahesabu.

Jumatano hii mafundisho yatakuwa ya daftari. Njooni saa tisa alasiri, mlete hesabu zenu za wiki mbili, hata kama ni mistari ya mkaa kwenye katoni, tutazipiga pamoja. Waume nanyi karibuni, hasa wewe unayejua mkeo anauza bei gani lakini hujui anaamka saa ngapi. Tutafunga saa kumi na moja kamili, maana baada ya hapo foleni ya maji kisimani inakuwa ndefu.